Waya wenye umeme mbele ya sumaku: namna ya kuiona kani yake, kujua upande inakoelekea na kuipima kwa mizani ya sonara

Waya wa shaba hauvutwi na sumaku. Uning'inize karibu na sumaku ya spika upendavyo, hautajali. Upitishie umeme, na papo hapo unaruka. Kinachowachanganya watu wengi ni upande unaorukia. Hauifuati sumaku wala hauikimbii, bali unakwenda pembeni. Aliyezoea sumaku na misumari hutegemea mvuto au msukumo wa moja kwa moja, na hapo ndipo majibu mengi ya mtihani hupotea, pamoja na mota nyingi za kujitengenezea ambazo hukataa kuzunguka.

Kwa hiyo shika jambo hili kabla ya fomula yoyote: kani hii husimama wima juu ya vitu viwili kwa pamoja, yaani juu ya mwelekeo wa mkondo wa umeme na juu ya mwelekeo wa uga wa sumaku, lile eneo kuizunguka sumaku ambamo nguvu yake husikika. (Wengine husema nguvu badala ya kani; hapa ni kitu kilekile.) Ukiwa na waya na uga umelala mezani, kani itaelekea darini au sakafuni. Hakuna pengine.

Jaribio la foili

Hili ni la dakika kumi na halihitaji maabara. Kata utepe wa foili ya jikoni wenye upana wa mm 5 na urefu wa sm 20. Tumia kisu kikali na rula, kwa sababu mkasi huacha mipasuko midogo pembeni, na utepe hukatikia hapo. Tafuta sumaku ya duara iliyotolewa kwenye spika mbovu, ile nyeusi nzito, au kipande chake. Sumaku hizi huvunjika kama kigae, lakini kila kipande hubaki na usumaku wake, na ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa. Mwisho tafuta betri moja ya alkalini ya volti 1.5, saizi ya AA, na nyaya mbili fupi.

Laza sumaku mezani. Bandika ncha mbili za utepe kwenye meza kwa selotepu, utepe upite juu ya sumaku kama daraja lililolegea, kiasi cha sm 1 juu ya uso wake. Ulegevu huo ni wa lazima, maana utepe uliovutwa hauna nafasi ya kuruka. Unganisha waya mmoja kwenye betri, kisha gusisha wa pili kwa sekunde moja tu na kuachia.

Utepe utaruka upande mmoja. Geuza betri, nao utaruka upande wa pili. Rudisha betri ilivyokuwa, kisha pindua sumaku uso wa chini uwe juu: utaruka tena upande wa pili. Sasa geuza vyote viwili kwa pamoja, betri na sumaku. Utepe utarukia kulekule ulikoanzia. Usilipite jaribio hili la mwisho haraka, maana ndilo linaloeleza kwa nini blenda hufanya kazi kwa umeme wa ukutani ambao hugeuka mara mia kwa sekunde. Tutarudi huko.

Kwa nini foili na si waya? Ni suala la uzito. Foili ya jikoni ina unene wa mm 0.016 hivi, kwa hiyo utepe wote una uzito wa gramu 0.04 tu. Ukinzani wake ni karibu omu 0.07, na ukijumlisha ukinzani wa ndani wa betri, mkondo unaofika ni kama ampea 5. Karibu na uso wa sumaku ya spika uga huwa katika makadirio ya tesla 0.05 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga). Kwa sm 3 za utepe zilizo ndani ya uga, kani ni uga mara mkondo mara urefu kwa mita, 0.05 × 5 × 0.03 = nyutoni 0.0075, sawa na uzito wa gramu 0.77. Hiyo ni mara 18 ya uzito wa utepe wenyewe. Waya wa shaba wa kufungia soketi ukiwekwa mahali palepale utapata kani isiyopungua hiyo, lakini ni mzito na mgumu, hivyo utatikisika kidogo tu au usionyeshe chochote, na utadhani jaribio limeshindikana.

Hapa betri unaipiga shoti kwa makusudi, ndiyo maana ni sekunde moja tu. Ukishikilia, betri na nyaya hupata moto na mkondo huporomoka. Betri za bei ya chini zisizo za alkalini zina ukinzani mkubwa wa ndani, kwa hiyo utepe utasogea kwa uvivu. Usijaribu kabisa kwa betri za lithiamu zilizotoka kwenye kompyuta au pawabenki. Zile hutoa makumi ya ampea zikipigwa shoti na zinaweza kuwaka. Umeme wa ukutani usiufikirie hata kidogo.

Kujua upande kabla ya kuwasha

John Ambrose Fleming, aliyefundisha uhandisi wa umeme University College London, aliwaachia wanafunzi kanuni ya vidole ambayo bado haijapata mpinzani. Tumia mkono wa kushoto. Nyoosha kidole gumba, cha shahada na cha kati viwe pembemraba kila kimoja na mwenzake, kama pembe ya chumba pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Cha shahada kionyeshe uga, kutoka ncha ya kaskazini ya sumaku kwenda ya kusini. Cha kati kionyeshe mkondo, kutoka chanya ya betri kwenda hasi kupitia waya. Gumba ndilo litakaloonyesha waya unakosukumwa.

Pima uelewa wako kwa mfano huu. Sumaku imelala mezani, uso wa kaskazini ukitazama juu. Mkondo unapita juu yake ukitoka kwako kwenda mbele. Shahada juu, cha kati mbele: gumba linaelekea kulia. Utepe utarukia kulia. Kama umepata kushoto, umetumia mkono wa kulia, na hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi. Mkono wa kulia ni wa jenereta, ambako waya unasogezwa ili utoe mkondo. Hapa mkondo ndio unaosogeza waya.

Kosa la pili ni elektroni. Mtu amefundishwa kwamba elektroni hutoka hasi kwenda chanya, naye akaelekeza kidole cha kati huko. Kanuni iliwekwa kwa mkondo wa kawaida, chanya kwenda hasi. Shika huo na uache elektroni ziende zitakako.

Kosa la tatu ni kutojua uso upi wa sumaku ni kaskazini. Usiuamini mchoro wa rangi kwenye sumaku ya shule iliyozeeka, kwani sumaku hugeuzwa ncha zikihifadhiwa vibaya. Chukua dira ndogo: ncha yake inayoelekea kaskazini ya dunia itavutwa na uso wa kusini wa sumaku yako. Kama huna dira, ning'iniza sumaku kwa uzi mbali na vyuma, nyuso zake zikitazama pembeni, uiache itulie. Uso utakaotazama kaskazini ndio kaskazini. Usiweke sumaku kali juu ya simu ili kutumia dira yake. Utavuruga kihisio chake kwa muda na kusoma upuuzi.

Kani hutoka wapi

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, huko Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Maana yake mkondo una uga wake wa sumaku, unaouzunguka waya kwa miduara. Sasa uweke waya huo ndani ya uga wa sumaku nyingine. Upande mmoja wa waya nyuga mbili zinakwenda mwelekeo mmoja na kujumlika; upande wa pili zinapingana na kupunguzana. Waya husukumwa kutoka upande wenye uga mkali kwenda upande wenye uga dhaifu. Ndiyo maana msukumo ni wa pembeni: upande mkali na upande dhaifu viko kulia na kushoto kwa waya, haviko kuelekea sumaku.

Ukitazama ndani ya waya, kila elektroni inayosogea inasukumwa kidogo pembeni, na jumla ya misukumo hiyo ndiyo kani unayoiona. Mwendo wenyewe ni wa kushangaza. Katika waya wa shaba wa mm 1 ya mraba uliobeba ampea 5, elektroni husogea kama mm 0.4 kwa sekunde, polepole kuliko konokono. Kinachofidia ni wingi: kila milimita ya ujazo ya shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10¹⁹.

Ukubwa wake

F = B × I × L × sin θ. F ni kani kwa nyutoni, B ukali wa uga kwa tesla, I mkondo kwa ampea (herufi hiyo imetokana na neno la Kifaransa la ukali wa mkondo), na L urefu wa waya kwa mita. θ ni pembe kati ya waya na uga. Katika nyuzi 90 sin θ ni 1, na kani ni kubwa kuliko zote. Waya ukilala sambamba na uga, sin θ ni 0 na hakuna kani kabisa, hata ukipitisha ampea elfu.

L ndiyo hunasa watu. Si urefu wa waya ulioununua, ni urefu wa ile sehemu iliyo ndani ya uga. Waya wa mita 3 unaokatiza sumaku ya sm 4 una L ya 0.04. Na andika kwa mita. Anayeweka 4 badala ya 0.04 hupata kani kubwa mara mia na hashtuki.

Kuipima kwa mizani

Waya unaoruka ni burudani. Namba ndiyo inayoonyesha kama fomula inasema kweli, na njia iliyo nafuu ni mizani ya kidijitali ya kupimia dhahabu, inayosoma hadi gramu 0.01. Hila yake ni hii: sumaku inakaa juu ya mizani na waya unafungwa imara nje yake. Sumaku ikiusukuma waya juu, waya nao unaisukuma sumaku chini kwa kani ileile, na mizani inasoma ongezeko.

Unahitaji sumaku mbili za mstatili za feraiti, tuseme mm 40 kwa 25 kwa 10, zinazokaa kwenye kuta mbili za chuma kilichokunjwa umbo la U. Fundi wa mageti atakukunjia chuma bapa cha upana wa mm 40, unene wa mm 3 na urefu wa mm 106, ndani kubaki mm 40. Sumaku zikiingia, nafasi katikati ni mm 20. Zitazamane kaskazini kwa kusini, yaani zivutane. Zikitazamana kaskazini kwa kaskazini, uga wa katikati hufutika na utahangaika siku nzima ukidhani waya ndio mbovu. Chuma hicho si cha kushikilia tu. Kinarudisha uga kutoka sumaku moja hadi nyingine kwa nyuma, na kuufanya ule wa katikati uwe mkali zaidi. Ukitumia U ya mbao utapata uga dhaifu zaidi.

Mzigo wote ni kama gramu 200: sumaku mbili gramu 100, chuma gramu 100. Mizani ya gramu 200 itakataa, kwa hiyo nunua ya gramu 500 yenye hatua ileile ya 0.01. Inua U kwa kopo la plastiki au kipande cha mbao cha sm 5 hivi, isiwe karibu na betri za mizani, ambazo ganda lake ni chuma na huvutwa na sumaku.

Mkondo utoe kwenye betri ya pikipiki ya volti 12, na uudhibiti kwa balbu za indiketa za wati 21. Balbu moja hupitisha karibu ampea 1.7, mbili zilizofungwa sambamba 3.3 hivi, na tatu karibu 4.9. Hakuna kifaa cha kudhibiti mkondo kilicho rahisi na kigumu kuungua kama hiki, na balbu ikiwaka unajua mzunguko umekamilika. Weka fyuzi ya gari ya ampea 15 karibu kabisa na chanya ya betri. Betri ya risasi ikipigwa shoti bila fyuzi huyeyusha waya mkononi.

Waya wa kupimia uwe mgumu: waya wa nyumba wa mm 2.5 za mraba, aina ya uzi mmoja, unyooshwe na kufungwa kwenye vipande viwili vya mbao vinavyosimama mezani, kimoja kila upande wa mizani. Upite katikati ya nafasi bila kugusa sumaku wala chuma. Ukigusa hata kidogo, mizani inapima mkwaruzo.

Sasa utaratibu. Unganisha kwa mfuatano: betri, fyuzi, swichi, balbu, multimita, waya, kurudi betri. Multimita iwe kwenye tundu la 10A. Multimita nyingi za bei nafuu zinaruhusu mkondo mkubwa kwa sekunde 10 tu kisha kupumzika dakika kadhaa, na aghalabu tundu hilo halina fyuzi. Soma uzito mizani ikiwa imetulia na umeme umezimwa. Washa, subiri sekunde mbili, soma mizani na mkondo kwa pamoja, zima. Rudia mara tatu kwa kila idadi ya balbu. Zile sekunde mbili zina sababu: uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani wa kama moja ya kumi ya ule wa moto, kwa hiyo mwanzoni mkondo hufyatuka juu kisha ukatulia.

Usibonyeze TARE ili kuanzia sufuri. Mizani nyingi ndogo hujirekebisha zenyewe zinapokuwa karibu na sufuri, zikidhani badiliko dogo ni vumbi au joto, nazo zitameza sehemu ya kani yako kimyakimya. Acha zisome gramu 200 na kitu, kisha toa kwa karatasi na kalamu.

Kama namba inashuka badala ya kupanda, hakuna kilichoharibika. Mkondo uko upande ambao waya unasukumwa chini na sumaku juu. Kwa mfano, kaskazini ikiwa mkono wako wa kushoto na mkondo ukienda mbele, waya hushuka na usomaji hupungua. Geuza nyaya za betri. Tena pima pande zote mbili na uchukue wastani, kwani hilo hufuta makosa yanayotokana na mizani kuhama polepole.

Ukiwa na uga wa tesla 0.1 hivi, ambao si wa ajabu kwa mpango huu, hesabu inatabiri gramu 0.69 kwa ampea 1.7, gramu 1.35 kwa ampea 3.3 na gramu 2.00 kwa ampea 4.9. Zako zitakuwa tofauti kwa sababu sumaku zako ni tofauti. Kinachotakiwa ni kwamba ukichora grafu ya gramu dhidi ya ampea, nukta zilale kwenye mstari ulionyooka unaopita sufuri. Mteremko wake kwenye mfano huu ni gramu 0.41 kwa ampea. Zidisha kwa 0.0098 kupata nyutoni: 0.004. Gawa kwa L ya mita 0.04 na B ni tesla 0.1. Umepima uga wa sumaku bila kifaa cha kupimia uga.

Tahadhari moja kuhusu jibu hilo. Uga hauishii pale sumaku inapoishia. Humwagika nje kidogo kila upande, na waya ulioko nje ya sumaku nao unasukumwa. Kwa hiyo ukitumia urefu wa sumaku kama L, B utakayopata itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Ulichokipima kwa uhakika ni zao la B na L kwa pamoja. Kukigawanya ni makadirio, na mwandishi wa ripoti mwaminifu husema hivyo.

Mstari usipopita sufuri, angalia kama nyaya za kuleta umeme zinagusa mizani au zinapita karibu na U. Nukta zikitawanyika ovyo, zima feni, kwa maana mizani ya gramu 0.01 inasikia hata pumzi yako.

Mizunguko mingi

Badala ya kuongeza ampea, ongeza nyaya. Suka koili ya mstatili ya mizunguko 20 kwa waya wa kusukia mota wa mm 0.5, upana sm 4 na kimo sm 12, uingize ubavu wa chini katikati ya sumaku. Kila waya unapata kani yake, hivyo kwa balbu moja tu, uga uleule, utasoma karibu gramu 14. Kimo kirefu kina kazi: ubavu wa juu una mkondo unaorudi kinyume, na ukiwa ndani ya uga utafuta kani ya ubavu wa chini.

Vanishi ya waya huo ni kizio. Isipokwanguliwa kwa msasa pande zote za ncha, hadi shaba ing'ae, hakuna umeme utakaopita. Koili nyingi zinazoitwa mbovu zina tatizo hili na si jingine.

Mtego wa pembe

Hapa hata walimu hukwama. Unageuza waya mshazari ili kupima sin θ, na kani inagoma kupungua. Sababu ni jiometri. Waya mrefu unaokatiza uga kwa mshazari unakuwa na urefu mkubwa zaidi ndani ya uga. L inaongezeka kwa kipimo kilekile ambacho sin θ inapungua, na zao halibadiliki.

Dawa yake ni kipande chenye urefu usiobadilika ambacho chote kimo ndani. Suka koili nyembamba, upana wa sm 1.5, mizunguko 20, ining'inie katikati ya nafasi ya sm 2 na iweze kuzungushwa bila kugusa kuta. Kwa ampea 1.7 na tesla 0.1 utapata gramu 5.2 ubavu ukiwa nyuzi 90 na uga, gramu 3.7 kwa nyuzi 45, gramu 2.6 kwa nyuzi 30, na hakuna kitu ukilala sambamba na uga. Utasikia pia koili ikitaka kujizungusha mkononi, kwa sababu mbavu zake mbili za wima zinasukumwa pande tofauti. Kujizungusha huko ndiko mota.

Sumaku za diski kuu ya kompyuta zinavutia kwa ukali wake, lakini zina siri: uso mmoja una ncha mbili, nusu kaskazini na nusu kusini. Waya ukikatiza nusu zote mbili, kani moja inafuta nyingine. Tumia nusu moja tu. Sumaku za maikrowevu usizifuate kama si fundi, maana kapasita iliyo ndani hubaki na chaji ya kuua hata baada ya plagi kutolewa.

Kani hii kazini

Spika ni waya uliosukwa kwa duara ndani ya mwanya mwembamba wenye uga wa karibu tesla 1. Waya unazunguka, uga unatoka katikati kwenda nje, na kani inabaki upande mmoja tu: mbele au nyuma. Mafundi hugusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika kutafuta chanya yake. Kwa kawaida koni ikitoka nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Spika ya omu 8 husoma kama omu 6 kwenye multimita, kwa hiyo mkondo ni robo ampea. Spika yenye zao la B na L la nyutoni 5 kwa ampea inasukumwa kwa nyutoni 1.25, zaidi ya uzito wa gramu 120, kwa betri ya saa ya ukutani.

Nyaya mbili zinazolala sambamba nazo hupeana kani, kila moja ikiwa ndani ya uga wa mwenzake. Mikondo ikienda upande mmoja zinavutana, ikipishana zinasukumana. André-Marie Ampère alilionyesha mwaka uleule wa 1820. Kebo mbili za kuwashia gari zenye ampea 200 zikiwa sm 5 moja na nyingine hupata nyutoni 0.16 kwa kila mita, si kitu. Lakini shoti ya ampea 10,000 kwenye mabamba ya shaba ya swichibodi yaliyoachana sm 10 huleta nyutoni 200 kwa mita, kama mtungi wa lita 20 uliojaa maji ukining'inia kwenye kila mita. Ndiyo sababu mabamba hayo hufungwa kwa vishikizo vizito vinavyoonekana kama kupita kiasi.

Na ile blenda. Ndani yake hamna sumaku ya kudumu. Uga unatoka kwenye koili zilizosimama, ambazo zimefungwa kwa mfuatano na koili inayozunguka. Umeme wa ukutani wa hezi 50 ukigeuka, uga unageuka na mkondo wa koili ya katikati unageuka papo hapo, kama ulipogeuza betri na sumaku kwa pamoja. Kani inabaki upande uleule. Kugeuza plagi, kwa hiyo, hakutaibadilisha mota ya blenda wala ya drili mwelekeo hata ukiigeuza mara ngapi. Anayetaka izunguke kinyume hubadilishana nyaya mbili za brashi (zile zinazopeleka mkondo kwenye koili inayozunguka) peke yake na kuziacha za koili zilizosimama kama zilivyo.